Maua ya kona ya lango yanakanyagwa na maji yanaingia ndani: tuanzie wapi?

"Njia yetu ya gari inachepuka kutoka barabara ya lami yenye magari mengi na kuteremka hadi nyumbani. Ina urefu wa mita 20 hivi na upana wa mita 3, na lango liko palepale mpakani mwa kiwanja. Nimepanda wigo wa michongoma kulia na kushoto kwa lango, na maua kwenye kona zote mbili za nje. Maua ya kona ya kushoto unapoingia yanakanyagwa kila mara, na hata yasipokanyagwa yanadumaa na kugeuka njano ingawa natia mbolea. Nimepanga mawe yaliyopakwa chokaa, nayo yanagongwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukokota changarawe na kuimwaga mbele ya gereji. Mume wangu anataka tujenge nguzo mbili nene za mawe na kupanda mikrismasi miwili, mmoja kila upande, ili pawe na kivuli na sura. Mimi nataka maua mpaka ukingoni mwa lami. Tupande nini pale ambacho hakitakufa?"

Dada yangu, umeuliza kuhusu mmea na mmea nitakupa, ila utakuja mwisho, uniwie radhi. Katika maelezo yako yote, kilichonishika ni yale mawe ya chokaa. Umeyapanga ili madereva wayakwepe, nao wanayagonga. Wanaopita hapo kila siku ni ninyi wenyewe na watu wenu, na hakuna anayependa kukwangua ringi ya gari lake kwenye jiwe jeupe linaloonekana hata usiku. Linagongwa kwa sababu gari haliwezi kukunja pale bila kupita lilipo. Basi kona hiyo, kwa hesabu ya gari, ni sehemu ya njia. Wewe umeifanya bustani, na gari halijaambiwa.

Siku moja simama ng'ambo ya barabara utazame gari likiingia taratibu. Usiangalie magurudumu ya mbele, angalia ya nyuma. Ya mbele yanafuata usukani. Ya nyuma hayana usukani, yanavutwa tu, kwa hiyo hukata kona kwa ndani. Gari dogo lenye umbali wa mita 2.7 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, gurudumu lake la mbele la nje likichora duara la nusu kipenyo cha mita 5.5, gurudumu la nyuma la upande huohuo litachora duara la mita 4.8. Tofauti ni sentimita 70. Lori la mchanga au boza la maji lenye mita 4 kati ya ekseli, likizunguka kwenye duara la mita 8, litaingia ndani kwa zaidi ya mita 1. Dereva macho yake yako mbele na anajua gurudumu la mbele limepita salama, lakini la nyuma linapita juu ya maua yako bila yeye kujua.

Hapo ndipo unapoona kwa nini ni kona moja tu. Kama kwenu magari huendeshwa upande wa kushoto, kona ya kushoto ya kuingilia ndiyo ya mkunjo mfupi, ile ambayo gari huikunja bila kuvuka barabara. Aingiaye kutoka upande wa pili ana nafasi ya kutanua, ndiyo maana kona ya kulia inasalimika. Kwa wanaoendesha kulia, mambo hugeuka.

Dawa ni kuipa kona umbo ambalo gari linalihitaji. Mdomo wa njia uwe mpana kuliko koo: mita 3 zako za langoni zitanuke polepole hadi mita 6 au zaidi zinapokutana na lami, kwa kona za mviringo badala ya pembe ya mraba. Ila usichore umbo hilo kwa kukisia. Ng'oa mawe, sawazisha udongo wa kona, mwaga majivu au mchanga laini, kisha waache watu waingie kama kawaida kwa wiki moja, pamoja na lori la takataka au la maji kama huwa linakuja. Alama za matairi zitakuchorea kona yenyewe. Ongeza sentimita 30 nje ya alama ya mwisho, na huo ndio mpaka wa sehemu ngumu. Nimeona ramani nzuri za karatasi zikishindwa na majivu ya ndoo moja.

Sasa ule unjano. Wengi wakiona jani la njano hukimbilia mbolea, nawe umefanya hivyo. Udongo mzuri wa bustani una matundu kiasi cha karibu nusu ya ujazo wake, na ndani ya matundu hayo hukaa maji na hewa. Mzizi unapumua. Tairi likipita mara kadhaa, hasa udongo ukiwa na unyevu, matundu hubanwa na hewa hutoka. Maji ya mvua hayazami, yanapita juu. Ukitia mbolea hapo ni kama kumwekea sahani ya chakula mtu aliyezibwa pua. Halafu kuna jambo la pili linalosahaulika: mara nyingi karibu na lango ndipo mafundi huchanganyia zege na kuoshea vyombo wakati wa ujenzi. Mabaki ya saruji na chokaa huongeza ualkali wa udongo, na mmea hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini. Ishara yake ni jani jipya kuwa njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Tazama majani ya juu ya mimea yako. Ukiona hivyo, chimba kidogo, huenda ukakuta vipande vya zege. Na chokaa uliyopaka mawe, kila mvua inaponyesha, inaongeza lilelile tatizo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kipimo rahisi: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, kisha uangalie maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, udongo umebanwa au ni mfinyanzi mzito, na mmea wowote utakaopanda hapo utateseka. Fukua hadi sentimita 30 au 40, toa vifusi vyote, changanya mboji iliyoiva. Ila usifukue kugusa ukingo wa njia yenyewe. Acha kama sentimita 30 za udongo mgumu kando ya njia, la sivyo ukingo utakosa egemeo na utamong'onyoka gari likiukanyaga.

Mpaka hapa tumezungumzia maua. Kinachonitia wasiwasi zaidi, na wewe hukukiuliza, ni ile michongoma.

Dereva anayetoka kwenu amekaa na macho yake kama mita 2 hadi 2.5 nyuma ya pua ya gari, na kimo cha macho hayo kutoka chini ni mita 1 na sentimita chache. Wigo wako umefika wapi? Kama ni kifuani mwa mtu mzima, tayari umemfunga macho. Ili aone barabara ni lazima atangulize boneti yote nje ya wigo, yaani gari limeshajitokeza ndipo dereva anaanza kuangalia. Wakati huohuo, gari linalokuja kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wake akitumia sekunde 2 kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki, mita 28 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Ukijumlisha na umbali wa breki zenyewe, hata lami ikiwa kavu, unazidi mita 40. Kwa hiyo anayetoka langoni kwenu anapaswa kuona walau mita 45 kila upande kabla pua haijaingia barabarani. Magari yakipita kwa kasi zaidi ya hiyo, umbali unaongezeka haraka, kwa sababu safari ya breki hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne.

Na barabara haina magari tu. Kuna mtoto anayekimbia kando ya ukuta, kuna baiskeli isiyo na mlio. Ndiyo maana kanuni ninayoifuata ni kwamba ndani ya ile pembetatu ya kuonea, yaani kutoka macho ya dereva hadi barabarani kushoto na kulia, hakuna mmea unaozidi sentimita 60. Mtu mzima anaonekana juu ya wigo wa mita 1. Mtoto wa miaka minne haonekani.

Fanya jaribio hili jioni ya leo. Kaa kwenye kiti cha dereva, pua ya gari ikiwa imesimama ukingoni mwa lami. Mwambie mtu atembee kando ya barabara akiwa ameshika fimbo iliyofungwa kitambaa kwenye kimo cha sentimita 60. Kila mahali ambapo kitambaa kinapotea machoni pako, kitu kilichokizuia ndicho cha kukata, kupunguza au kuhamisha. Rudia na mtu mwingine mfupi kwenye usukani, maana aliye mrefu huwa anadhani kila kitu kinaonekana.

Kuhusu kioo cha mviringo cha kuning'iniza ng'ambo ya barabara, najua mtu atakushauri. Kinasaidia kidogo. Lakini kioo cha namna hiyo hufanya gari lionekane dogo na la mbali kuliko lilivyo, na asubuhi ya ukungu au mvua ndiyo inayokizima. Kitumie kukuambia kwamba kuna gari linakuja. Kisikuambie kwamba unaweza kutoka. Tena hakitakuwa kwenye ardhi yako, kwa hiyo unahitaji ruhusa.

Michongoma sina ugomvi nayo. Ni wigo mzuri, mnene, haurukwi na mbuzi wala mwizi. Lakini mahali pake ni mpakani kwenu kwa ndani, na unapokaribia lango wigo unapaswa kurudi nyuma kwa mshazari badala ya kwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Ukiwa na mikasi mizuri, mita 3 hadi 5 za mwisho kila upande ndizo za kushusha. Vipande vya miiba uvikusanye vyote. Mwiba wa mchongoma uliokauka njiani hutoboa tairi la baiskeli bila huruma, na mguu wa mtoto pia.

Sasa niingilie shauri la nguzo za mumeo. Nguzo nene huonekana ndogo kwenye mchoro kwa sababu tunaitazama kwa mbele. Dereva anaitazama kwa pembeni, tena kwa karibu. Nguzo yenye upana wa nusu mita, ukiwa umbali wa mita 2 kutoka kwayo, inafunika upana wa mita 5 pale barabara ilipo mita 20 mbele yako. Gari zima linaingia nyuma ya nguzo hiyo na kutoka tena, na macho yako yamefungwa kwa muda wote huo. Jenga nguzo, kwa sababu hoja ya mumeo ni ya kweli. Lango lisilo na alama ni gumu kulipata usiku, na mgeni huligundua akiwa ameshalipita, kisha anarudi kinyumenyume barabarani. Ila nguzo zirudi ndani pamoja na lango.

Zirudi kiasi gani? Gari la kawaida lina urefu wa mita 4 hadi 5. Lango likiwa mpakani, na mpaka ukiwa karibu na lami, kila unaposubiri kufunguliwa, mkia wa gari unabaki barabarani. Mita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa lami ndiyo nafasi ya gari moja kusimama salama. Najua maana yake: kubomoa, kujenga upya na kupoteza kipande cha uwanja. Sikuhimizi uifanye mwezi huu. Lakini kama nguzo ni mpya na bado hazijajengwa, itakuwa ajabu kuzijenga mahali pabaya kwa sababu tu lango la zamani liko hapo. Na mkishafikia hatua hiyo, pengo liwe mita 3.5 hadi 4. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 bila vioo vya pembeni, na haliingii kwenye mita 3 kwa mkunjo. Kwa bahati njia yenu inateremka kuelekea ndani, hivyo mabawa ya lango yakifungukia ndani hayatagusa ardhi. Wenye njia inayopanda kuelekea nyumbani ndio hulazimika kuweka lango la kuteleza pembeni.

Mteremko huo, hata hivyo, unadai ada yake wakati wa kutoka. Gari linapanda kuelekea barabarani, pua iko juu, na dereva anaona boneti na anga. Ndiyo maana ninapenda mita 5 za mwanzo kutoka lami ziwe karibu tambarare. Gari likisimama hapo, linasimama sawa, macho yanaangalia barabara na breki ya mkono haihitaji kupigana na mlima. Kipande hicho tambarare ndicho pia kitakachokuokoa na maji. Watu huwa hawahusishi mambo haya mawili.

Niyaeleze hayo maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Njia yako ni mita 20 kwa 3, yaani mita za mraba 60. Mvua ya milimita 40 inaangusha hapo lita 2,400, zote zikitafuta gereji. Hayo ni maji yako halali. Ninachoshuku ni kwamba unapokea pia maji ya barabara, kwa sababu mdomo wa njia uko chini ya ukingo wa lami, na barabara nzima inakutumia ya kwake. Mvua ijayo vaa koti utoke. Kama kijito kinaanzia kwenye lami, umepata jibu. Maji yanavyoshuka yanazidi kasi, na kasi ikiwa maradufu, nishati yake huwa mara nne. Ndiyo maana juu ya njia changarawe imetulia na chini inakokotwa kama punje za mchele.

Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kumwaga changarawe zaidi. Utaimwaga kila mwaka na kila mwaka itaishia gereji. Kwanza zuia maji ya barabara: kwenye kile kipande tambarare, mwinuko mdogo wa sentimita 5 hadi 8 kama tuta la chini sana, gari hulipita kwa urahisi, lakini maji ya lami yanashindwa kuruka na yanaendelea na safari yake kwenye mtaro. Kisha yatoe maji yako mwenyewe njiani kabla hayajapata kasi. Uso wa njia usiwe bapa, uinamie upande mmoja kwa sentimita 2 kila mita, ili maji yatoke pembeni kwenda kwenye bustani badala ya kukimbia urefu wote. Mbele ya gereji, weka mfereji wa kukinga wenye kifuniko cha wavu cha chuma, na bomba lake lipeleke maji kwenye shimo la kokoto lililo mita 5 au zaidi kutoka msingi wa nyumba. Mfereji huo uwe mlinzi wa mwisho. Ukiutegemea peke yake, siku majani yakiziba wavu utapiga deki gereji.

Kama changarawe unaipenda, na mimi naipenda kwa mlio wake, tumia kokoto za kuvunjwa zenye pembe kali, ambazo hushikana. Zile za mviringo za mtoni huviringika kama gololi. Lakini mita 5 zile za mwanzo zifanye ngumu, zege au pevingi. Kokoto zikitoka langoni na kutawanyika kwenye lami, pikipiki inayokunja hapo itateleza.

Kama kando ya barabara kuna mtaro na njia yenu inauvuka, tafadhali usiuzibe kwa udongo ili upate sehemu ya kupanda maua. Huo ni mkondo wa majirani pia. Panahitajika kalavati, na ukubwa wa bomba lake hauchagui wewe wala fundi wa mtaa. Unachaguliwa kwa kuangalia maji yote yanayotoka juu. Bomba jembamba huziba kwa mfuko mmoja wa plastiki, kisha maji hupanda juu na kula njia kutoka pembeni.

Hapa nifikie ndoto yako ya maua hadi ukingoni mwa lami. Kipande kati ya mpaka wako na lami kwa kawaida ni hifadhi ya barabara. Unakifagia, unakimwagilia, lakini si chako, na siku wakija kutandaza bomba au nyaya watachimba bila kukuuliza maua yamekugharimu nini. Majani mafupi yanatosha hapo. Weka kazi yako ya moyo ndani ya mpaka, kuanzia pale macho ya dereva yanapopita hadi langoni, ambapo wewe ndiye utakayeyaona kila siku.

Mikrismasi sasa. Watu wengi wanaamini mti una mizizi inayokwenda chini kama matawi yanavyokwenda juu. Si hivyo. Mizizi mingi ya mti iko ndani ya sentimita 60 za juu, na huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Chini ya zege kuna unyevu usiokauka haraka, na mwanya wa hewa kati ya zege na udongo, na mzizi mwembamba hupita hapo kwa raha. Haukuja kuvunja kitu. Tatizo ni kwamba kila mwaka unanenepa kidogo, na zege haliwezi kunyanyuka kidogo, linapasuka. Mkrismasi, pamoja na uzuri wake wote unapowaka mwekundu, una mizizi ya juujuu yenye nguvu, taji pana linaloweza kupita mita 10, na matawi yanayovunjika kwenye upepo. Mtini na mkuyu ni wabaya zaidi karibu na mabomba. Nilipoanza kazi hii nilipanda miti miwili ya jamii ya mtini kulia na kushoto kwa lango la mtu, mita 1 na nusu kutoka pevingi, nikapigiwa makofi. Miaka michache baadaye nilirudi kulipia pevingi kwa mfuko wangu.

Ushauri wangu kwa mumeo ni mti mmoja badala ya miwili. Miti pacha haikui pacha. Mmoja hupata maji zaidi au kivuli zaidi, na baada ya miaka mitano unakuwa na jitu na kibeti wakilinda lango. Mmoja, upande ambao hauzuii macho ya anayetoka, ndani ya lango, na kama ni mkrismasi hasa, mita 8 hadi 10 kutoka njia, nyumba, ukuta na bomba lolote. Uwanja ukikosa nafasi hiyo, chagueni mti wa taji dogo usiozidi mita 6 kwenda juu. Shina moja lililosafishwa matawi ya chini hadi mita 2 halizuii macho sana. Linalozuia ni kichaka. Juu ya njia yenyewe, matawi yaachie mita 4 hadi 4.5 kwa ajili ya malori. Kabla ya kuchimba shimo, tazama pia juu: mti chini ya waya wa umeme utakatwa vibaya na watu wasioujua.

Sasa mmea wa kona, uliousubiri. Sijui mvua na joto la kwenu, kwa hiyo nakupa sifa kwanza. Uwe wa kimo cha sentimita 50 au chini ukishakomaa. Kitaluni uliza kimo cha kukomaa, usidanganywe na mche mdogo mkononi. Uvumilie vumbi, joto linalorudi kutoka kwenye zege, na kukanyagwa siku moja moja. Usiwe na mwiba upande wa kupita watu. Nyuma kabisa kwenye orodha yangu ni bogenvilia, ambayo kila mtu huitaka langoni: inapendeza, lakini inarusha tawi la mita nzima ndani ya wiki chache za mvua, lenye miiba, kwenye kimo cha uso wa mwendesha baiskeli. Ipande ukutani ndani. Mnyaa usiupande kabisa karibu na watoto, utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya.

Kwenye kona yenyewe, nje ya sehemu ngumu, mimi ningeweka mmea unaotambaa, kama ule wa jamii ya karanga wenye maua madogo ya njano, unaofunika ardhi na kuota tena ukikanyagwa. Nyuma yake shubiri za kimo kifupi, na maua mengine ya msimu uyapande karibu na nguzo. Panda kwa makundi makubwa ya aina moja. Dereva anapita kwa sekunde chache, macho yake hayasomi ua mojamoja, yanaona mapande ya rangi. Tandaza matandazo ya kina cha sentimita 5 hadi 7 yasiyogusa mashina. Taa ziwe za chini, zikielekea ardhini au kwenye nguzo, kamwe zisielekee barabarani, na namba ya nyumba iwe na rangi inayong'aa kwa taa za gari. Dereva wa gari la wagonjwa atakushukuru.

Ukiniuliza mfuko unaruhusu nini: kwa nguvu zenu wenyewe mnaweza kushusha wigo, kuondoa mawe, kufanya jaribio la majivu na kufukua udongo. Hayo peke yake yataondoa sehemu kubwa ya hatari. Kutanua kona, kipande tambarare na tuta la kuzuia maji vinahitaji fundi mzuri na siku kadhaa. Kurudisha lango ndani ni mradi wa peke yake. Kama hamtaufanya, msijenge nguzo nene. Wekeni mbili nyembamba, za chuma au mbao, na mtapata alama bila kufungwa macho.

Mahali pa kumwita mtu aje aone kwa macho ni hapa. Mteremko ukizidi mita 1 ya kushuka kwa kila mita 8 za urefu (pima kwa mpira wa maji, fundi yeyote anaujua), mpate mhandisi, kwa sababu hapo gari litasugua tumbo pale mteremko unapobadilika na zege linaweza kuteleza lisipofungwa vizuri. Ukiona nyufa kwenye msingi au unyevu unaopanda ukutani upande wa gereji, usisubiri bustani, maji yameshafika pabaya. Ukuta wa kushikilia udongo unaozidi mita 1 si wa kubahatisha. Chochote cha nje ya mpaka, yaani kalavati, kona kwenye hifadhi ya barabara au kioo, ni cha mamlaka ya barabara ya kwenu, na ruhusa iwe ya maandishi. Na kabla sululu haijagusa ardhi langoni, ulizeni njia ya bomba la maji na nyaya za umeme, maana karibu zote huingia nyumbani kupitia palepale mnapotaka kupanda.

Miche msiinunue sasa. Malizeni kona na maji kwanza, muache mvua moja kubwa ipite mwone yanakokwenda, ndipo mpande.